Mjomba Asiye na Duka

Mpwa wangu alipopata nafasi chuoni, ukoo ulikaa kikao cha kuchangia ada, maana mkopo wa Bodi ya Mikopo ulikuwa umemfikia nusunusu. Tulikutana kwa baba yake mdogo, mwenye duka la vitenge Kariakoo, mtu ambaye akikohoa kwenye mambo ya pesa wengine hunyamaza. Akamwuliza binti anakwenda kusomea nini.

"Ujasiriamali, baba mdogo."

Mzee akaweka kikombe chini, akatutazama mmoja mmoja. "Yaani tuchange milioni na ushei ili huyu akafundishwe kuuza? Biashara haisomwi, mwanangu. Biashara iko kwenye damu."

Sebule nzima ilicheka. Mimi, mjomba wake, nilicheka pia, tena kwa sauti. Makala haya ni faini ninayojitoza kwa kicheko kile.

Kauli ile si ya baba mdogo peke yake. Utaisikia kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye redio za asubuhi watangazaji wanapokosa mada, na hata kwa wahadhiri wa sheria na uhandisi wanaowatazama wenzao wa biashara kama wapangaji waliochelewesha kodi. Na ushahidi wake huwa ni uleule: Bakhresa. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na vibiashara vidogo, akafungua mgahawa, akaingia kwenye unga, na leo ukinywa juisi, ukila mkate, ukipanda boti ya Unguja au ukitazama mechi ya ligi kuu, umepita mlangoni kwake. Alisoma chuo gani? Hakuna. Basi, wanasema, maneno yamekwisha.

Ningeweza kujibu jina kwa jina. Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, alisomea uhasibu Uingereza na akaongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu kabla watu hawajamjua kwa viwanda na televisheni. Mohammed Dewji alihitimu Georgetown, Marekani, mwaka 1998, ndipo akarudi kwenye biashara ya baba yake. Lakini mashindano ya majina ya matajiri hayana mwisho, na yana ulaghai ndani yake. Vijana waliokatisha masomo wakiwa na miaka 14, wakaanza na vibiashara vidogo kama Bakhresa, vikawafilisi, hawatajwi redioni. Mshindi mmoja anasimuliwa mpaka tunamwona ni kanuni.

Swali langu liko karibu zaidi na nyumbani, na ndilo nililopaswa kumwuliza baba mdogo siku ile badala ya kucheka: wewe mwenyewe ulijulia wapi?

Najua jibu, kwa sababu hulisimulia kila sikukuu. Aliletwa Dar es Salaam na miaka 12, akakabidhiwa kwa mjomba wake mwenye duka. Mwaka wa kwanza alifagia na kubeba marobota. Wa pili akafundishwa kukunja vitenge na kuvipanga ili rangi iitane na rangi. Halafu akaruhusiwa kusimama nyuma ya meza, akajifunza kumtofautisha mteja anayeuliza bei ili anunue na yule anayepisha jua. Akajifunza nani anakopesheka na nani ana maneno matamu tu, mzigo mpya uagizwe lini, na namna ya kutaja bei ya kwanza bila kumfukuza mtu. Siku moja aliuza doti kadhaa kwa bei ya mwaka uliopita. Hasara ikabebwa na mjomba, yeye akabeba kofi. Baada ya miaka minane mjomba akampa mzigo wa kuanzia, bila riba, na akamwonyesha fremu ya kupanga.

Hicho kilikuwa chuo. Kilikuwa na mihula, mitihani, adhabu, mahafali, na hata tuzo ya mtaji. Shahada ya mpwa wangu ni ya miaka mitatu, yake ilikuwa ya minane. Tofauti ni kwamba hakupewa cheti, ndiyo maana anadhani hakusoma.

Ukizunguka Kariakoo utaviona vyuo vya namna hiyo kila mtaa. Wakinga wanawaleta vijana kutoka Makete, wanawaweka dukani miaka, kisha wanawatoa na mtaji. Wapemba wana utaratibu wao, Wachaga wao. Familia za Kihindi zimeufuata kwa vizazi, mtoto akifanya hesabu za shule juu ya meza ileile ya mauzo. Siudharau utaratibu huo hata kidogo, huenda ndiyo shule bora ya biashara tuliyonayo. Lakini ina sharti moja la kujiunga, nalo ni undugu. Kwa maana hiyo baba mdogo alisema kweli kuliko alivyokusudia: biashara iko kwenye damu, kwa sababu asiye na damu ya mwenye duka haingii dukani.

Sasa mtazame mpwa wangu. Baba yake ni karani. Mama yake, dada yangu, anauza maandazi. Na mjomba wake ndiye mimi, mwalimu wa Historia wa sekondari. Nina chaki, sina duka. Mtoto wa aina hii akitaka elimu ambayo mwenzake aliipata bure kwa kuzaliwa, aende wapi?

Likizo ya mwaka wa kwanza alirudi na daftari la kaunta, akaanza na maandazi ya mama yake. Dada yangu hukaanga 150 kwa siku. Tisini alikuwa akiyauza barazani kwa shilingi 200, sitini yakichukuliwa na mwenye duka la jirani kwa bei ya jumla, 150. Kwa hiyo kwa siku zilikuwa zinaingia 27,000. Dada yangu aliamini kwa miaka 11 kwamba faida yake ni "kama elfu kumi hivi." Binti akaandika: unga kilo tano, 9,000. Mafuta lita moja na nusu, 9,000. Sukari, 3,000. Hamira na iliki, 1,000. Mkaa, 2,500. Zikawa 24,500. Kinachobaki ni 2,500, siyo elfu kumi. Ile elfu kumi ilitoka wapi? Mafuta yalikuwa yananunuliwa kwa pesa ya matumizi anayoacha mume, kwa hiyo hayakuwahi kuhesabiwa. Kisha akauliza kuhusu maandazi kumi yanayonywewa chai pale nyumbani kila asubuhi, ambayo yalikuwa yakitolewa kwenye yale tisini. Toa 2,000. Imebaki shilingi 500, kwa mtu anayeamka saa tisa usiku.

Lililoniketisha kitako lilifuata. Mkaa aliuweka kando, akisema jiko linawaka vilevile hata ukikaanga maandazi 90. Akagawa gharama zilizobaki, 22,000, kwa maandazi 150. Yale sitini ya jumla yalikuwa yanakula unga, mafuta, sukari na viungo vya shilingi 8,800, na mwenye duka alikuwa analipa 9,000. Tofauti ni shilingi 200. Yaani dada yangu alikuwa akimkaangia jirani maandazi sitini kwa ujira wa andazi moja.

Hakukubali kupandisha bei mara moja. Aliogopa kumpoteza mteja, akasita karibu miezi mitatu, akaja kupandisha hadi 170 kwa kusukumwa, na jirani akalipa huku akinung'unika. Sidai kwamba alitajirika. Nasema tu kwamba miaka 11 ya uzoefu, na damu yote aliyonayo, havikuwahi kumwambia jambo ambalo daftari lilimwambia kwa jioni moja.

Na kuna mahali ambapo hata duka la mjomba halifundishi. Baba mdogo alianzishwa kwa mzigo usio na riba, kwa hiyo hajawahi kupiga hesabu ya mikopo tunayoiita kausha damu. Chukua mkataba wa kawaida wa mtaani: unapewa 300,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 40. Mtu anaona riba ni laki moja juu ya laki tatu, theluthi, anasema itavumilika. Lakini hukai na laki tatu siku zote 40, kesho yake tu umeanza kurudisha. Kwa wastani umekaa na nusu yake, laki na nusu. Riba yako basi ni theluthi mbili, tena kwa siku 40, wala siyo kwa mwaka. Akina mama wangapi wa mtaa wetu wamenyang'anywa makochi na runinga kabla mtu yeyote hajawafanyia hesabu hii?

Niruhusiwe sasa kidogo kuwa mwalimu wa Historia, kwa sababu dharau hii ina mizizi. Azimio la Arusha, 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yashike nafasi. Mwaka 1983 tukawasaka wahujumu uchumi, na mwaka huohuo sheria ya nguvukazi ikamfanya muuza karanga wa mjini ahesabike mzururaji wa kurudishwa shamba. Neno mjasiriamali tulikuwa hatulijui. Tulikuwa na mlanguzi, kupe, bepari na mnyonyaji. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya viongozi, lakini kulegeza sharti ni kazi ya kikao kimoja, kulegeza akili ya watu ni kazi nyingine. Tumebaki na picha mbili kichwani: msomi yuko ofisini, mwenye duka ni mjanja asiyesoma. Mtu anayetaka kuwa vyote viwili hatujui tumweke wapi, basi tunamcheka.

Wala simsuti Mwalimu Nyerere katika hili. Kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, cha 1967 hiyohiyo, kililalamika kwamba shule inawafanya vijana waone haya kazi ya jasho, kikataka shule zizalishe na wanafunzi washiriki kupanga mapato ya jasho lao. Tuliokuja baadaye tukakielewa kuwa ni kulima bustani ya mwalimu mkuu.

Hoja nyingine dhidi ya mpwa wangu ina uzito zaidi, nami siikwepi: wanaofundisha ujasiriamali wenyewe hawana hata kioski. Ni kweli kwa wengi. Nimeyaona madesa yao, yamenakiliwa kutoka vitabu vya Marekani, mifano yake ni ya kampuni za California. Mwanafunzi anaandika mchanganuo wa hoteli ya nyota tatu ambayo hataijenga, anapata alama A, anausahau. Ikiwa hicho ndicho wanachokipinga wapinzani wangu, tupeane mikono. Lakini wao hawasemi kozi ifundishwe vizuri. Wanasema haifundishiki, na hapo ndipo utafiti unapowakana.

Togo, kwa mfano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja halikufundishwa kitu. La pili lilipewa mafunzo tuliyoyazoea, ya hesabu, masoko na fedha. La tatu lilifundishwa uthubutu: kutafuta fursa bila kuiga wala kusubiri kuambiwa, kujitofautisha na jirani, kupanga mbele, kuvumilia kikwazo. Baada ya zaidi ya miaka miwili faida ya kundi la tatu ilikuwa imepanda kwa asilimia 30. Ya kundi la pili ilipanda kwa 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Tokeo hilo linanichoma mimi pia, niliyelipenda mno daftari la maandazi. Ila linawachoma wao zaidi. Uthubutu ndio hasa walioapa kwamba mtu huzaliwa nao, na ndio uliofundishika kuliko hesabu.

Hapa nyumbani tuna ushahidi wa aina mbili, na nauleta wote hata usiponipendeza. Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwafundisha wateja wa taasisi ya mikopo midogo, vipindi 21 vya dakika 45 kila kimoja, huku watafiti wakiwalinganisha na wateja ambao hawakufundishwa. Biashara za wanaume waliofundishwa zilinyanyuka waziwazi. Za wanawake zilinyanyuka kidogo mno. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Ushahidi wa pili unahusu kipindi cha televisheni kilichorushwa karibu miezi mitatu kuhamasisha vijana waingie kwenye biashara. Watafiti walifuatilia wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari. Waliovutwa kukitazama walionyesha dalili za kuipenda biashara zaidi. Pia walifanya vibaya zaidi kwenye mtihani, wakaendelea na masomo wachache zaidi, na biashara zenyewe hazikuonekana kuongezeka. Mtu anaweza kudhani hili ni pigo kwangu. Mimi naliona ni pigo kwa ndugu zangu wa hamasa, wale wa suti na kipaza sauti wanaojaza ukumbi kwa kiingilio na kuwaambia vijana kwamba shule ni utumwa. Hamasa bila mafunzo ndiyo sera halisi ya watu wanaosema biashara haisomwi. Hii hapa imejaribiwa, imezaa vijana wenye ndoto na vyeti vibovu.

Wapo pia wanaodai ujasiriamali ni kozi ya waliokosa nafasi kwingine. Mpwa wangu alikuwa na alama za kusomea ualimu kwa mkopo kamili. Nimemaliza.

Wanaonikera kuliko wote ni wale wanaomuunga mkono. Kila mahafali lazima asimame mgeni rasmi, mwenye mshahara, gari, dereva na posho ya kikao hichohicho, awaambie wahitimu wasitegemee kuajiriwa, wakajiajiri. Hajawahi kujiajiri hata siku moja. Anachofanya ni kumkabidhi binti wa miaka 23 deni ambalo si lake, kwamba asipofanikiwa ni uvivu wake, wala si kazi ya mtu mwingine yeyote kufikiria ajira zitatoka wapi. Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa sasa hawatabughudhiwa. Mwaka 2021 meza zikavunjwa barabarani. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambamo vijana wana asilimia nne, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudi mwaka uliofuata, na katikati yake vikundi vya vijana vilikaa vimekunja mikono. Yote hayo hayarekebishwi na somo la chuoni. Anayelipigia debe somo hili kama dawa ya ukosefu wa ajira analiharibia jina, kwa sababu mhitimu wa kwanza akionekana kijiweni watu watasema: si tulisema?

Mpwa wangu hajaahidi kuajiri watu mia. Inawezekana akawa mtunza stoo kwenye kampuni ya mtu, mwenye kujua kwa nini mzigo unakaa miezi sita bila kutoka. Inawezekana akafungua kitu, kikafa, akafungua kingine. Mhitimu wa sheria asipokuwa wakili hatusemi sheria haisomwi. Huyu peke yake ndiye tunayemdai kampuni siku ya mahafali.

Mwaka wa tatu ndipo nilipomwuliza kwa heshima lile swali ambalo kikao kizima kilimwuliza kwa kejeli. Tulikuwa tunamenya viazi jikoni kwa mama yake, umeme umekatika. Nikamwambia, kwa nini hasa ulichagua hii?

"Mjomba, unaikumbuka likizo yangu ya kidato cha pili?"

Sikuikumbuka.

"Nilikwenda kwa baba mdogo Kariakoo, nikamwomba nikae dukani mwezi mmoja. Bila kulipwa, nifagie tu na kukunja vitenge. Akasema duka lake wanakaa wavulana, mimi nirudi nikamsaidie mama maandazi. Akamchukua kaka."

Nikamwuliza kaka yake alifaidi nini.

"Alikaa wiki mbili akatoroka. Alisema miguu inamuuma." Akatupa kiazi kwenye maji. "Na damu yetu ni moja, mjomba."